Gari Lililopanda Kilima cha Shule

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao lililoegemezwa ukuta wa kinyozi, na sharti la kukaa pale ni moja tu: uwe na maoni. Huna maoni, kunywa kahawa yako umesimama. Birika huchemka tangu kunapokucha, na kadiri linavyochemka ndivyo watu wanavyozidi kujua mambo ambayo jana hawakuyajua. Jumamosi ile walikaa watatu. Wa nne, Cheche, mchomeleaji wa vyuma, ukisema amekaa umemsingizia. Mara yuko benchini, mara amesimama, mara amefika barabarani na kurudi, simu kaishika kama mtu aliyeokota kaa la moto. Ikifika saa sita mchana anatakiwa amjibu mwenye gari: analichukua au anamwachia mwingine. Na pesa yenyewe ilikuwa ya kiwanja walichouza yeye na mkewe, kiwanja pekee walichokuwa nacho. Akikosea leo, hana cha kukosea nacho tena.

Shida yake haikuwa anasa. Cheche ana tela la magurudumu mawili alilolichomelea mwenyewe, na humo hupakia jenereta, mashine ya kuchomelea na mitungi ya gesi. Miaka yote amekuwa akikodi pikapu ya mtu kulivuta. Sasa amepata kazi kubwa ya kujenga mnara wa tangi la maji kwenye shule iliyo juu ya kilima, na huyo mtu wa pikapu kamwangusha mara mbili. Mwalimu mkuu hakuzunguka maneno: Jumatatu asubuhi mashine zisipokuwa juu, kazi anapewa fundi mwingine. Ndipo Cheche akasema basi, nanunua gari langu, liwe kuukuu, liwe na makunyanzi, mradi livute.

Yalipatikana mawili. La kwanza pikapu ya dizeli, bodi imeliwa na kutu, injini inakoroma vizuri, bei imempita kimo. La pili stesheni ndogo nyeupe, gari la abiria la buti refu, bei karibu nusu, na nyuma tayari ina chuma cha kufungia tela. Ila mwenye stesheni alikataa katakata tela lipakiwe vyuma kabla ya kulipwa. “Mtanichubulia gari,” alisema. “Mnataka kulipima? Pakieni watu.” Basi jana jioni wakalifunga tela, wanakijiwe watatu wakaingia ndani yake wawe mzigo, Cheche akashika usukani, muuzaji kando yake akimwimbia sifa za gari, wakapanda kilima cha shule. Na gari likapanda.

Tena likapanda vizuri. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

— Mimi sijatulia, alisema Cheche. Limepanda mno.

— Sikilizeni mtu huyu! Breki aligeukia wenzake. Huyu Breki ni kondakta mstaafu wa mabasi, hajawahi kushika usukani lakini magari yote anayajua kwa jina la ukoo. Akaendelea: Gari likikataa kupanda, analia. Likipanda, analia. Wewe ulitaka lifanye nini, kaka, lipae?

— Nilitaka nilisikie likivuta. Chuma mimi nakijua, mzee. Kitu kizito kikiwa chepesi ghafla, ujue kuna mahali kimeliwa na kutu.

— Ng’ombe hashindwi na nundu yake, alisema Breki.

— Nundu ng’ombe kazaliwa nayo. Hili tela nimelichomelea mimi kwa mikono yangu!

— Ndiyo maana halimlemei. Ni jepesi.

— Jepesi? Watu watatu, na mmoja wao ni Tani?

Tani ni fundi viatu, na jina hakujipa mwenyewe. Katika hesabu ya mzigo wa jana alihesabiwa watu wawili, na hakuna aliyepinga, hata yeye. Alikuwa ameinamia soli ya kiatu, misumari midogo imebanwa mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kabla ya kusema.

— Gari lile lilikuwa la mkunga. Nimeuliza. Miaka kumi na tano anakwenda kazini na kurudi, polepole, hajawahi kulikimbiza. Sasa wewe jiulize, nguvu zote ambazo hakuzitumia zimekwenda wapi? Zimo humo humo. Zimelala. Jana umeziamsha.

— Nguvu haziwekwi akiba kama mahindi, bwana!

— Kwa nini zisiwekwe? Mtu akipumzika si anapata nguvu? Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba hicho kina uhusiano gani na injini?

— Ndiyo injini yenyewe hiyo, kibaba. Ndogo, lakini imejaa.

Kinyozi, wa tatu wa benchi, alitoka ndani akikung’uta taulo. Wanamwita Profesa kwa sababu hufungia nywele za wateja kwenye magazeti, na kabla ya kufungia husoma. Siku hiyo alikuwa na jambo kubwa, ungejua kwa jinsi alivyolikunja taulo mara nne.

— Mnazunguka mbuyu, alisema. Sisimizi anabeba mzigo unaomzidi yeye mwenyewe mara nyingi. Tembo hawezi kumbeba tembo mwenzake. Kwa hiyo kuvuta ni kazi ya kidogo, si kazi ya kikubwa. Pikapu ile nzito inajivuta yenyewe kwanza, ikimaliza imechoka. Stesheni haina cha kujivuta. Nguvu yote inakwenda kwa tela.

— Kwa hesabu hiyo tufunge baiskeli, alisema Cheche.

— Baiskeli haina injini. Usichanganye sayansi.

Simu ya Cheche ikalia. Muuzaji. Aliitazama ikilia mpaka ikachoka, ujumbe ukaingia, akausoma, akaenda barabarani, akarudi, akachukua kikombe, akakiweka bila kunywa.

— Anasema kuna mteja mwingine anakuja saa sita.

— Huyo mteja mwingine nimemjua tangu nikiwa kondakta, alisema Breki. Kila gari bovu linaye.

— Kwa hiyo ni bovu?

— Nimesema bovu mimi? Nimesema mteja! Gari ni zima. Tena nikwambie siri ambayo madereva hawapendi kuitoa. Tela likipakiwa kwa ustadi, mzigo ukakaa mahali pake, halivutwi tena. Linasukuma.

Tani akamtupia jicho. Profesa akaanza kulikunjua taulo.

— Linasukuma nini? aliuliza Cheche.

— Linasukuma gari. Kwa nyuma. Kidogo kidogo.

— Kupanda mlima?

— Hasa kupanda mlima.

— Mzee Breki, mimi sikusoma, nimejifunza kazi kwa kuungua vidole. Lakini hata vidole vyangu vinajua hilo ni uongo.

Profesa alikohoa akaingia kati haraka, kama mtu anayewahi maziwa yasimwagike.

— Labda tatizo ni kilima chenyewe. Mmeshawahi kukichunguza? Kuna njia zinazodanganya macho. Unadhani unapanda, kumbe unashuka. Kile kilima cha shule mimi nakishuku siku nyingi. Ni mteremko uliojifanya mlima.

— Mbona mlipofika juu mlikuwa mnahema? aliuliza Cheche.



— Vumbi, alisema Tani.

— Na hilo bega unalolikanda tangu asubuhi?

— Nimelilalia vibaya.

Cheche alimwangalia Tani, akamwangalia Breki, ambaye ghafla alivutiwa sana na sehemu ya chini ya kikombe chake. Kitu kilimwasha rohoni, asijue kiko wapi akikune. Jana hakuwaona. Kioo cha nyuma cha lile gari kimebandikwa karatasi nyeusi na cha pembeni upande wa dereva kimebaki fremu. Aliendesha akisikiliza maneno ya muuzaji sikio hili na injini sikio lile, na pale kwenye kona mbaya, injini ilipoanza kukohoa na moyo wake kukohoa nayo, ghafla gari likapata uhai, likapanda kama linaitwa. Alicheka peke yake. Alipofika juu alishuka akawapa mikono wote watatu, akampigia mkewe palepale: “Mama watoto, tumepata gari.”

Simu ikalia tena. Saa tano na robo.

— Namwambia nalichukua, alisema. Nimechoka kufikiri. Mchagua jembe si mkulima.

— Hapo sasa! alisema Breki, lakini sauti yake haikushangilia ilivyotakiwa. Au subiri kwanza.

— Nisubiri nini?

— Kahawa. Mtu haamui jambo kabla ya kikombe cha tatu.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja mwenye khanga kiunoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, mkanda umekatika. Alikuwa mpishi wa ile shule ya kilimani. Aliwaamkia, akampa Tani kiatu, akaegemea ukuta, kasimama kwa mguu mmoja, akingoja. Kisha akawatambua.

— Kumbe ni nyie! Niliwaona jana kupitia dirisha la jikoni. Poleni sana. Enhe, lile gari mlilokuwa mkilisukuma mpaka juu, lilikuwa na ugonjwa gani?

Birika lilichemka. Profesa alilikunja taulo upya, mara nne. Tani alirudisha misumari yake mdomoni, yote kwa pamoja. Mwanamke akatazama uso hadi uso, akaona amekanyaga pasipo pake.

— Samahani. Niliona watu watatu nyuma, mmoja... amejaliwa mwili... nikajua ni nyie.

Simu ikalia mara ya tatu mkononi mwa Cheche. Aliikata.

— Nani alikuwa wa kwanza kushuka?

— Usiseme kushuka, alisema Breki. Sema miguu. Mimi miaka thelathini na mbili mlangoni mwa basi. Gari likikohoa mlimani, miguu yangu iko chini kabla akili haijaamka. Nikakuta nasukuma.

— Mimi nilishuka kupunguza uzito, alisema Tani kupitia misumari. Nikasema nibaki na nini, mimi ni watu wawili.

— Na wewe Profesa?

— Nilibaki peke yangu ndani ya tela, ndugu yangu. Mtu mzima nimekaa, wazee wenzangu wanasukuma? Nimelelewa mimi.

— Kwa hiyo tela lilikuwa tupu.

— Tupu kabisa, hapana, alisema Tani. Viatu vyangu vilikuwemo.

Cheche alipiga benchi teke, vikombe vikaruka.

— Mlikuwa mzigo! Kazi yenu ilikuwa kukaa! Tangu lini mzigo ukalionea gari huruma? Na tangu jana jambo hili mmekaa nalo! Nguvu za mkunga, sisimizi, mteremko uliojifanya mlima! Nimeuza kiwanja mimi!

— Tungesemaje? alisema Breki, na mara hii alisema kama mzee wa miaka yake. Ulishuka pale juu ukicheka. Ukampigia simu mama watoto. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme.

— Mngeniacha nikanunue kicheko?

Simu ikalia mara ya nne. Safari hii Cheche aliipokea, akaongea kwa sauti ya barabara nzima kusikia.

— Sikia bwana. Gari lako sichukui. Halikupanda, lilisukumwa, na wewe ulikaa kando yangu na kioo chako kizima ukawa unaona. Huyo mwingine? Muuzie. Ila mwambie kilimani lilisukumwa na watu watatu, mmoja wao ni wawili. Usipomwambia, nitamwambia mimi. Haya.

Akaitia simu mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alisimama mahali pamoja.

— Pikapu je? aliuliza Profesa kwa unyenyekevu.

— Nikimaliza kazi ya shule naongezea, naichukua. Bila kazi ya shule siichukui. Na bila mashine kuwa juu Jumatatu, kazi hakuna.

— Sasa zitafikaje?

Cheche aliwatazama mmoja mmoja, polepole, kama anavyotazama vyuma kabla ya kuchagua. Breki alikuwa wa kwanza kuelewa. Akashika kiuno.

— Kaka, jenereta lile...

— Gari zima mlilifikisha, na mimi na muuzaji tumekaa ndani. Tela litawashinda?

— Leo?

— Sasa hivi. Kamba ninazo. Mimi nashika mbele. Dada, kiatu chako kitachelewa kidogo.

— Wala msijali, alisema mpishi akikwapua kiatu mkononi mwa Tani. Nitatembea pekupeku. Jambo hili nataka nilione kwa karibu.

Tani akatema misumari. Profesa akafunga mlango wa duka lake. Breki alibaki benchini peke yake, akainua kidole, sauti ya hekima ikaanza kumpanda:

— Wahenga walisema, mchumia juani...

— Nyanyuka, mzee, alisema Cheche, akimshika mkono. Utaimalizia kule juu, ukibakiwa na pumzi.