Kipa na Cherehani Yangu

Treni ilipoondoka, fundi wa nguo aliyeketi mbele yangu alimsimulia kinyozi mmoja jinsi mumewe alivyouza cherehani yake ili acheze kamari, kwa kuwa kipa mashuhuri alisema kwenye tangazo la kamari la televisheni kwamba bahati haimkimbii jasiri.

"Lakini dada, yule kipa anatafuta riziki tu," kinyozi alisema. "Hajamlazimisha mtu."

"Kwani ndoana humlazimisha samaki? Ana ghorofa lake, kaka, bado anaitaka na cherehani yangu!"

"Basi mlaumu shemeji."

"Huyo nimeshamlaumu, sasa analala kwa dada yake. Kipa nitampata wapi?"

Kinyozi akatazama nje kama aliyeona ndugu yake. Treni iliposimama alishuka akipiga mluzi, wimbo wa tangazo lile lile. Fundi akamsindikiza kwa msonyo mrefu.