Shikamoo Iliyonitoka Mdomoni

Bwana asifiwe! Jamani, hiyo ndiyo sauti ya watu waliokunywa uji asubuhi? Na nyie wa kule nyuma, karibu na mlango, msijifiche, nawaona. Bwana asifiwe! Haya, hapo sawa.

Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni Kulwa, fundi baiskeli wa hapa Nyakato. Mke wangu, Mama Neema, yule pale mbele, ameniomba tangu jana nikisimama nisiongee sana. Anasema mdomo wangu hauna breki. Mama Neema, leo nivumilie tu, maana nataka kushuhudia jinsi Mungu alivyoutumia mdomo huu huu kunitoa shimoni! Bila mdomo huu leo ningekuwa muuaji. Nimesema muuaji, na wala sitanii.

Kabla ya baiskeli nilikuwa kiwandani, kwenye nguo. Nilipenda ile kazi! Kelele za mashine, vumbi la pamba kichwani, sabuni tuliyogawiwa mwisho wa mwezi, vyote nilivipenda. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikajaa kila kona, khanga zetu zikalala stoo. Siku moja tukaitwa uwanjani, tukaambiwa wengi wetu tumepunguzwa. Kupunguzwa! Kama vile sisi ni mchuzi.

Sasa sikieni kichaa changu. King'ora cha asubuhi kilikuwa bado kinalia kwa ajili ya wale wachache waliobaki. Nami kikilia naamka, navaa ovaroli, naenda mpaka getini, nasimama. Mlinzi ananitazama, namtazama. Kisha narudi nyumbani. Mama Neema akiniuliza nimetoka wapi, navua ovaroli naitundika. Yeye anauza maandazi, mimi nakula maandazi. Niliona aibu, ndugu zangu. Mwanaume mzima naona aibu kumtazama mwanangu Neema usoni.

Ni pale getini aliponikuta mzee mmoja. Jina lake silitaji, kwa heshima. Sisi tulimwita Msimamizi, kwa sababu alikuwa msimamizi wa zamu yetu, naye alikuwa amepunguzwa. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Ndiye aliyesimama upande wangu nilipokwenda kuposa. Kwangu mimi alikuwa baba. Akanishika bega, akasema, "Kulwa mwanangu, si kosa lako."

Weee! Nililia pale barabarani kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Kwa muda wote ule hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo. Na lilikuwa neno la kweli! Hapo pashikeni vizuri, hasa nyie vijana. Hawakuanza kwa kunidanganya. Neno la kweli ndilo lililokuwa chambo, nami nikameza na ndoano yake.

Akanipeleka kwa wenzake. Tulikutana Jumamosi nyuma ya karakana ya seremala, watu wa kiwandani watupu. Tunasonga ugali, tunakula pamoja, tunaitana ndugu. Tulijiita Wenye Mji. Ah, nisiwadanganye, nilifurahi mno! Nilianza kulala usingizi. Nilipewa kazi ya kuwapitia wenzangu majumbani, nikawa mtu tena, natembea kifua mbele. Nani mwingine alikuwa ananihitaji wakati ule? Hakuna.

Lakini sasa, kama si kosa langu, ni la nani? Msimamizi alitujibu kidogo kidogo. Kwanza akasema ni la wakubwa. Sawa, lakini wakubwa wako mbali, hata ukipiga kelele hawakusikii. Hasira ikakosa pa kwenda, ikatafutiwa mtu wa karibu. Akasema ni wakuja. Hawa waliotoka Bukoba, waliotoka Musoma, wameshuka melini na mizigo yao, wamejaa Mwaloni pale Kirumba, wananunua sangara wote wanapeleka viwanda vya minofu, sisi wenye mji wanatuachia mapanki. Mifupa ya samaki! Tukapiga meza. Mimi ndiye niliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Na sheria yetu ya kwanza ilikuwa ipi? Mtadhani ni kupiga watu. Hapana. Sheria ya kwanza ilikuwa kutosalimia. Mkuja usimpe hodi, usimpe shikamoo, usimuulize habari za asubuhi. Basi! Nikaona hili jambo dogo, nani atakufa kwa kukosa shikamoo?

Mnajua mdomo wangu. Mimi ni mtu wa kusalimia hata mbuzi. Siku za kwanza niliumia kabisa. Jirani yetu, fundi cherehani kutoka Bukoba, ananiambia, "Baba Neema, za asubuhi?" Nami napita kimya, ulimi unawasha kama nimelamba upupu. Baadaye ikawa nafuu. Baadaye sana hata sikumsikia. Ndugu zangu, mtu usiyemsalimia humuulizi kama mtoto kapona. Humuulizi kama mvua ya jana imemvujia. Mwisho kwako anakuwa hana mtoto, hana paa, hana hata jina. Amebaki mkuja tu, na mkuja unaweza kumfanya lolote na ukala ugali wako vizuri.

Kisha sheria ikakua. Usimsalimie anayewasalimia. Mke wangu alikuwa anashonesha nguo kwa yule jirani. Basi nikaacha kumsalimia mke wangu! Naamka, namruka kama gogo. Neema akinipa shikamoo namtazama kwanza Msimamizi kichwani mwangu, ndipo naitikia. Mama yangu mzazi yuko Sengerema, hapo ng'ambo tu, unavuka na kivuko unafika, lakini niliacha kwenda kumwona kwa sababu nyumba yake ilikuwa na mpangaji kutoka Musoma. Ona upumbavu huo! Na moyoni naimba, najiona shujaa!

Ndipo nikapewa kazi kubwa. Kulikuwa na mama mmoja wa Bukoba, Mama Koku, mwenye banda la barafu pale Mwaloni. Msimamizi akasema banda lile lichomwe, liwe fundisho. Akaniambia hakuna mtu anayelala mle, ni maranda ya kufunikia barafu na magunia matupu. Akachagua siku ya mechi kubwa, mchana, maana Kirumba nzima itakuwa uwanjani. Akanikabidhi dumu la mafuta ya taa. Kiberiti nikatia mwenyewe kwenye mfuko wa ovaroli. Nilivaa ile ile ovaroli ya kazini, jamani. Nilijiona naenda zamu.

Nikaenda. Mwaloni kimya, wachuuzi wamekwenda mpirani, dagaa wamebaki wenyewe juani. Moyo unadunda, lakini si kwa woga, kwa raha! Nikazunguka nyuma ya banda. Kumbe kuna mtu. Mama mtu mzima, kachuchumaa, anageuza mapanki motoni. Mapanki yale yale tuliyosema wametuachia sisi! Akainua uso akanitazama. Alikuwa rika la mama yangu kabisa.

Nami mdomo wangu ukafunguka, sikuutuma, ukasema, "Shikamoo, mama!"

Haleluya! Ilitoka yenyewe! Nilitamani kuirudisha, lakini shikamoo ikishatoka hairudi. Naye, hata hanijui, akaitikia kwa upole, "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Utokako hawajambo?" Nikasema hawajambo. Akauliza, "Na mama yako, mzima?" Nikasema mzima. Nadanganya! Sikuwa najua kama mama yangu ni mzima au mgonjwa. Akauliza yuko wapi. Nikasema Sengerema.

Yule mama akacheka, akashangaa kwa lugha ya kwao. "Waitu! Kumbe na wewe umevuka maji kama mimi! Basi karibu, mgeni mwenzangu."

Mgeni mwenzangu! Mimi, Mwenye Mji! Nikasimama pale na dumu langu. Akaliona dumu. Macho yakamng'aa, akapiga makofi. "Na mafuta umeniletea! Nani kakutuma? Nimeomba tangu asubuhi. Mkwe wangu yumo humo ndani, mjamzito, homa imemshika, na koroboi yangu imekauka. Nilisema usiku wa leo atakaa gizani."

Humo ndani. Ndugu zangu, mmesikia? Humo ndani! Nyuma ya ubao ule niliotaka kuumwagia mafuta kulikuwa na binti, na tumboni mwake mtoto. Nikasikia anakohoa. Wakati ule ule huko uwanjani wakafunga goli, Kirumba nzima ikalipuka kwa shangwe, nami nimesimama machozi yananitiririka mpaka kwenye ndevu.

Mama Koku, maana kumbe ndiye huyo mwenyewe, hakuyaona machozi, alikuwa ameinama anatafuta koroboi. Akaishika, mimi nikamimina. Mafuta yanamwagika, ananiambia taratibu mwanangu. Kisha akaniuliza, "Kaa la moto huu litanichafulia utambi, kiberiti unacho?" Nikakitoa mfukoni nikampa. Akawasha koroboi mchana kweupe, kuijaribu tu. Ikawaka. Nikaanguka chini, nikaita, "Yesu! Yesu!" Sikuwa nimeliita jina hilo tangu nijiunge na Wenye Mji.

Mnajua alifikiri nini? Alifikiri na mimi nina homa! Akanifunika khanga, akanipa uji, akanikatia panki nene kuliko yote. Nilikula, ndugu zangu. Nikala na machozi yangu, na sijawahi kula samaki mtamu kama yale mabaki.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwa Msimamizi. Nikamwambia, mzee, kulikuwa na mtu ndani. Akaniambia, kwa sauti ya chini, "Ulimsalimia." Hakuuliza. Alijua! Alijua kabisa kwamba nikisalimia kazi imekwisha. Nikasema ndiyo, nilimsalimia. Akanigeuzia mgongo. Nilihofu atatumwa mwingine, basi wiki nzima nikashinda na kulala mlangoni pa lile banda na spana mkononi. Hakuja mtu. Waliposikia kuhusu yule mjamzito wenzangu waliogopa, mmoja akajitoa, na wengine, na karakana ikabaki na seremala wake.

Mungu ni mwema! Nilivuka Sengerema nikamkuta mama yangu yuko hai, akanichapa na mwiko kwanza ndipo akanikumbatia. Jirani yangu fundi cherehani nilimsalimia asubuhi niliporudi, akashtuka mpaka sindano ikamchoma kidole. Mke wangu nilimwomba msamaha nimepiga magoti kwenye unga wa maandazi. Na Mama Koku ndiye aliyenileta katika kanisa hili. Yule pale, kwenye kwaya, sauti ya pili. Nilikaa muda mrefu nikimficha. Siku nilipomwambia mafuta yale yalikuwa ya kazi gani, aliishika koroboi yake akaigeuza mikononi. Kisha akasema, "Waitu, mbona taa iliwaka tu." Na mtoto aliyekuwa tumboni siku ile ndiye huyu anayewasumbua walimu wa shule ya Jumapili. Mpigieni Yesu makofi!

Sasa namalizia, Mama Neema, usinivute shati. Ndugu zangu, wewe mwenye hasira, hasira yako naijua, na huenda una haki nayo. Kazi zilikwenda kweli. Tulilia kweli. Mpe Yesu hasira hiyo, yeye anaiweza, usimpe mtu wa kukutafutia jirani wa kuichomea. Na kama kuna mtu umeacha kumsalimia, hata kama una sababu nzuri kabisa, shtuka! Uko njiani, na dumu liko mkononi.

Mimi naanza. Yupo mzee wangu mmoja ambaye tangu siku ile ya mechi haitikii salamu yangu. Nikikutana naye sokoni namwamkia, anapita. Nikienda kwake namwamkia, anaingia ndani. Miaka yote hiyo sijachoka, maana ndiye aliyeniambia si kosa lako siku ambayo hakuna mwingine aliyeniona. Baba, nilikuwa sijawahi kukurudishia neno hilo, leo nakurudishia: kupunguzwa kwako si kosa lako. Ulipoteza kazi na wewe, nawe ulilia, na hakuna aliyekushika bega. Leo yuko humu, kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake. Amesimama mlangoni, tayari kuondoka. Msigeuke kumtazama, jamani, mtamtia aibu.

Shikamoo, baba.

Kwaya, nyamazeni kidogo. Shikamoo, baba yangu.

Mmesikia? Nyie wa mbele, mmesikia? Ameitikia! Amesema marahaba! Asante Yesu, asante Yesu! Ingia, baba, ingia ndani, usisimame juani. Mama Koku, tafadhali, sogea kidogo hapo kwenye benchi la kwaya, mzee apate mahali pa kukaa.