Siku Mtani Aliponiletea Sanda

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu wa chama chetu cha kuzikana, salaam. Mmeniuliza kwa nini sikosi mazishi, hata ya mtu nisiyemjua. Ni kwa sababu nimewahi kufiwa na mimi mwenyewe, hapa hapa Mnyuzi. Msicheke kwanza. Majina ya waliohusika sitataja, ingawa mmoja wao amekaa pale kwa akina mama na ameshaanza kuziba mdomo kwa kanga.

Ninyi mnanijua kama polisi, lakini kazi niliyoianza ni ya jeshi. Nilikuwa askari wa kombania, na nilijivuna kweli. Nikija likizo nilikuwa napita njia ya mbali ili watu wanione vizuri. Kisha, huko vitani kusini, risasi ikaniingia gotini. Daktari akaitoa, ila mguu haukukunjika tena. Effendi wetu, mkubwa wa sisi askari weusi, akaniambia bila kuzunguka: "Kombania inatembea, na wewe hutembei. Umehamishiwa polisi, boma la Handeni. Nenda kwenu upumzike. Mwezi ukiandama uwe umeripoti. Usipofika, huna kazi jeshini wala polisi."

Ndugu zangu, nawaambia, neno lile liliniuma kuliko risasi. Sisi wa kombania tulikuwa tukiwaita polisi jeshi la vilema, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Nikafika nyumbani, nikafunga mlango. Nikawa silimi, sisali na wenzangu, sipokei wageni. Mke wangu alikuwa mjamzito na chakula kilikuwa kinakwisha. Akiniuliza lini nakwenda Handeni, nageukia ukutani. Mwezi ule ukazidi kupungua, na mimi niko kitandani.

Siku moja mchana nikasikia kilio uani. Kilio cha msiba hasa, wanawake kwa wanaume. Nikamwita mke wangu. "Nani amefariki?"

Akanijibu, macho makavu kabisa, "Ni wewe."

Nikachungulia. Ua umejaa watani, Wanyamwezi wa shamba la mkonge. Mbele yao mama mmoja aliyekuja zamani na msafara wa wapagazi, akabaki kuwapikia uji vibarua. Mkononi ana sanda, na vijana wawili wanachimba shimo kando ya migomba yangu. Mke wangu ndiye aliyekwenda kumwita. Nikatoka nimeshika ukuta, nafoka, "Mna wazimu?"

"Jamani, maiti anasema!" yule mama akapiga kelele. Akanipima kwa unyasi kuanzia kichwani. "Mrefu huyu. Ongezeni shimo."

Utani mnaujua. Mzigua kama mimi hana ruhusa ya kumkasirikia mtani wake Mnyamwezi, hukasiriki, unajikomboa kwa kutoa kitu. Nikamwambia achukue kuku aende zake.

"Kuku wa marehemu simli," akasema. "Ingia humu tufukie, tukapike uji, au nenda Handeni."

"Handeni nikafanye nini? Nikakae na vilema?"

Hapo akaacha mzaha. Akanishika bega, akasema polepole, "Mtani, mkeo amekuja kwangu analia. Amesema tangu urudi hajasikia sauti yako. Mtoto huyu akizaliwa, aambiwe baba yake yuko wapi? Chumbani?"

Nikalia mbele ya watu wote wale, mimi askari wa kombania. Nililia kwa aibu, na pia kwa kuwa kulikuwa na watu waliokuja kwa ajili yangu. Nilipomaliza nikamwambia mke wangu anifungie mzigo.

Mnadhani waliniacha? Mzigo wangu wakaulaza kwenye jeneza walilokuja nalo, wakaubeba hadi stesheni huku wakiomboleza, na mimi nikichechemea nyuma ya jeneza langu. Abiria wakavua kofia. Niliposhuka Korogwe nilikuwa bado nacheka. Kutoka pale nilikwenda kwa miguu hadi Handeni, taratibu, napumzika kila penye kivuli, na nikaripoti kabla mwezi haujaandama. Shaushi, yaani sajini wa polisi, akauliza mbona nimekuja dakika za mwisho. Nikasema nilikuwa na msiba.

Sisemi kazi ya polisi ilikuwa njema yote. Watu walikimbia waliponiona, na wengine walikuwa na haki ya kukimbia. Lakini sauti yangu ilikuwa nzima, nikapewa kuwafundisha kwata askari wapya. Na wale vilema niliowacheka ndio walionionyesha namna ya kufunga goti ili lisiume. Mke wangu akanifuata, mtoto wetu akazaliwa kulekule, na alipoanza kutembea alinipokea mlangoni kila jioni nikitoka kazini.

Namshukuru mke wangu, aliyekwenda kutafuta msaada wakati mimi nimeona haya. Nawashukuru watani. Shimo lile hatukulifukia bure, tulipanda mgomba, na ndizi mlizokula leo ni za hapo.

Chama chetu kinajua kuzika, hilo sina shaka. Ombi langu ni moja. Mwenzetu akijifungia ndani, msingoje habari ya msiba. Nendeni angali anaweza kuwafungulia mlango.

Sanda ile ninayo bado, mtani. Siku yangu ikifika kweli, nivishe wewe. Ila kabla hujaanza kulia, niite kwanza.