Mama Hodi, Aliyehamisha Nyumba Kabla Hazijajengwa

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika Idara ya Nyumba, msanifu majengo wetu mkuu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Kwenye faili la utumishi ana jina refu lenye heshima zake zote. Sisi tuliofanya naye kazi tunamwita Mama Hodi, na hata mkurugenzi, akijisahau, humwita hivyo vikaoni.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alipoajiriwa, chumba cha wachoraji kilikuwa na feni moja iliyozunguka ikijisikia, na mabosi walioamini kwamba nyumba huanzia na kuishia kwenye karatasi. Yeye akaja na vigingi, nyundo na bunda la kamba. Kila alipochora nyumba alikwenda kiwanjani kuitandaza chini kwa ukubwa wake kamili: huku sebule, huku jiko, pale choo, na pengo mahali pa mlango. Kisha aliwaita watakaoishi humo waje waipite chumba kwa chumba. Alikuwa na sheria moja. Ukuta ni ukuta hata ukiwa wa kamba, kwa hiyo hakuna kuruka. Unapita mlangoni, na unabisha hodi.

Mkurugenzi aliyetangulia aliwahi kuruka, na suti yake nzuri, kwa kuwa alikuwa na haraka. Alirudishwa nje mbele ya wakandarasi akaanza upya. Alinuna mpaka saa ya chai. Lakini alipotaka kujenga kwake mwenyewe, nadhani mnajua nani alikuja kuazima kamba.

Kazi zake ni nyingi: zahanati, madarasa, soko lenye paa ambalo mimi, mkaguzi wa majengo, nimelipanda mara nyingi bila kupata cha kuandika. Hata hivyo nikisimulia hayo yote nikaacha habari ya kilima, ninyi wenyewe mtanizomea.

Jeshi lilihitaji nyumba za familia za askari, na lilizihitaji kweli. Wengi waliishi kwenye mabanda ya zamani ya kambi, familia mbili jiko moja, na mvua ikinyesha mtu anaanza kuhamisha kitanda. Kiwanja kilichochaguliwa kilikuwa kilima chenye chemchemi na msitu mdogo uliojaa ndege, na juu kabisa kuna kuta za mawe za mji wa kale pamoja na makaburi yake. Mama Hodi alichora mradi mzima. Hakuwahi kuchora kitu kizuri kama kile. Aliubandika mchoro ukutani juu ya meza yake, na mgeni hakupewa kiti kabla ya kuusifia.

Wakazi wa kando ya kilima hawakuusifia. Walisema maji yao yanatoka pale, na waliolala pale ni wazee wao. Kikao baada ya kikao kilivunjika. Katika kile cha mwisho mwenyekiti wa kamati yao, mama mfinyanzi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimwambia kanali aliyesimamia mradi kwa upande wa jeshi kwamba trekta la kwanza litamkuta amekaa njiani. Kanali alijibu kwamba askari wake hawawezi kujifunika historia usiku wa mvua. Watu waliondoka na chai haijanywewa.

Na humo mabandani alikuwemo binti wa pekee wa Mama Hodi. Ameolewa na dereva wa jeshi, na wakati huo alikuwa na mtoto anayejifunza kusema na mwingine tumboni. Chumba chao kilivuja juu ya kitanda cha mtoto. Kila alipomtembelea mama yake, swali lake lilikuwa lile lile: nyumba lini?

Mama Hodi akafanya anachokijua. Alipanda kilimani, akapigilia vigingi vya nyumba moja, akawaita wote: maafisa, wake wa askari na kamati ya kilima. Kanali alibisha hodi kama alivyoelekezwa, akaingia, akasimama alipoona pana kivuli na kuanza hotuba ndefu kuhusu heshima ya askari na familia yake. Wake wa askari wakaanza kucheka chini chini, kisha wakashindwa kujizuia. Ilibidi binti wa Mama Hodi amweleze kwa adabu, "Samahani afande, umesimama chooni."

Kanali akaangalia kamba ya kulia, akaangalia ya kushoto, akacheka kuliko wote. Mfinyanzi, aliyekuwa amegoma nje na mikono ameikunja, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha naye akabisha hodi. Wake wa askari wakaitikia "Karibu!" kwa sauti moja, wakamsogezea nafasi sebuleni.

Humo ndimo walimoongea kwa mara ya kwanza bila meza katikati yao. Mke wa sajenti aliingia chumba cha kulala, akanyoosha mikono kupima kitanda kitakaaje, akaona jiwe la kaburi liko pale pale pa kulaza kichwa. Alitoka taratibu, kwa mlango, akasema yeye hapo halali. Wenzake wakadakia kwamba hata shule iko mbali, na zahanati ndiyo usiseme. Mfinyanzi akauliza kwa nini jeshi lisijenge kule bondeni karibu na shule, kwenye uwanja wake lenyewe uliojaa magari mabovu. Kanali alikiri kwamba ni pazuri, ila kuondoa vyuma vile na kuanza mipango upya kungechelewesha nyumba miaka miwili.

Wote wakamgeukia Mama Hodi. Akasema nyumba zihame.

Binti yake alikuwa bado amesimama mahali pa jiko. "Mama," alisema, "hawa waliokufa wana pa kulala. Mimi sina."

Mama Hodi aling'oa vigingi, akakunja kamba. Alirudi ofisini, akaubandua ule mchoro, na kesho yake akaanza mwingine. Binti hakukanyaga kwa mama yake msimu wote wa mvua. Mjukuu wa pili alizaliwa, na bibi yake alimwona kwa kuletewa na mkwe. Tulimwona akichora na macho mekundu, tukajua kwamba si uchovu.

Kanali, tumpe haki yake, alishambulia vyuma chakavu kama adui. Askari walivuta malori mabovu kwa nyimbo, wakazi wa kilimani wakaja kuangalia, wakaishia kuvuta nao. Kuku aliyekuwa akitaga kwenye kiti cha dereva alipewa notisi ya kuhama, na nasikia alikata rufaa. Nyumba zikainuka, kila sebule ikiwa na dirisha linalotazama kilima. Ulipofika wakati wa kugawa funguo, wapo waliomshauri amwombee binti yake atangulizwe. Alikataa, akasema foleni ni foleni. Binti alipata ufunguo na kundi la mwisho, na siku hiyo hiyo akamwita mama yake waje wapange vyombo.

Tangu hapo mambo yao ni mazuri, wanagombania rangi ya mapazia kama zamani. Lakini yale maneno ya jikoni hawakuyagusa tena. Juzi tukimfungia masanduku yake, Mama Hodi aliniambia kwamba mpaka leo hajui kama alisamehewa, au mwanawe alichoka tu kununa.

Wengi mmeuliza kwa nini leo tuko kilimani kwenye viti vya kukodi, badala ya ukumbini. Idara haikuwaza hivyo. Ni binti yake aliyekuja ofisini kutuomba. Mkurugenzi alipomuuliza sababu, alisema, "Nyumba ningepata hata pengine. Kilima hiki wanangu wasingekipata tena. Mama alikuwa sahihi, na kila nikitaka kumwambia nalia. Andikeni ninyi."

Tumeandika, dada yetu. Nawe Mama Hodi, ukifika hapa, acha kusoma kwanza, ugeuke: mwanao amekaa karibu yako. Asante kwa nyumba zote ulizotujengea, na kwa zile ulizokataa kuzijenga hapa. Nenda ukalale mpaka jua liwake, na siku zako zote za mbele zikuendee vyema.