Mama Valérie, Mwenye Kukataa Kupitisha Kilio ku Simu

Ninyi batoto ba biro, mumekaa ku viti bya mbele na bazee banasimama ku ukuta, hamuna haya? Simameni, mi mama wa jikoni nasema! Heshima inaanza na kutoa matako ku kiti.

Mama Valérie Mwenze anatoka mu kazi tarehe 30 mwezi wa sita 2025, miaka makumi tatu na nane tangu siku yake ya kwanza. Aliingia kijana, telefoniste wa kampuni yetu hapa Kolwezi. Simu zote zilipita mu mikono yake: anachomeka kamba mu tundu, sauti ya Fungurume inafika. Papy wa garage alikuwa anaita dispensaire kila asubui, eti malaria. Siku moja Valérie akamuambia: "Tata Papy, malaria yako inaitwa Abigaëlle, ule anashika simu ya dispensaire. Peleka mahari kwabo!" Leo bako na batoto bane.

Lakini habari ya kufa hakuipitisha. Siku moja mufanyakazi alikufa, enjenia akataka kuambia bibi yake ku simu, akapiga kelele: "Madame, la ligne! Unipe laini!" Valérie akachomoa kamba. "Tata, ule mama iko peke yake na sufuria ya bukari ku moto. Naita jirani kwanza." Kwetu kilio kinaletwa na mutu, mwenye mikono ya kukushika.

Simu za mukononi zikakuja. Bakabeba meza yake ya kamba mu camionnette, bakamurudisha nyumbani. Akauza makala, makaa ya kupikia, ku barabara, na batu bakamucheka: "Valérie, sasa unapitisha makala ku ligne?" Ilimuuma.

Kisha infirmière mumoja, muuguzi wa hospitali ya kampuni, akaita baba mumoja ku simu, akamuambia muke wake amekufa. Ule baba alikuwa ju ya pikipiki. Akaanguka mu rond-point, kwenye barabara zinakutana. Valérie akasikia, akaacha makala, akaingia kwa mukubwa wa hospitali bila hodi: "Munipe ile kazi. Mi naijua." Tangu ile siku anaita jirani, anaenda mpaka ku nyumba, anakaa chini nabo, anangoja mama wa nyumba amalize kukoroga bukari, njo anasema.

Sasa nasikia kazi yake inafungwa, eti mesaji ya simu itatosha. Mesaji ilishika nani akianguka?

Mama Valérie, shi ba jikoni tunakushukuru. Ukishatoka, ulale mpaka jua lipande, miguu ipumzike, bajukuu bakuletee chai.

Na wewe mukubwa wa hospitali, uandike jina la Chancelle wa réception ku ile kazi leo, mikate ya hii karamu ya kumuaga haijaisha. Chancelle, kesho, mu siku anabakiza mu kazi, umufuate Mama Valérie ku nyumba za batu. Ukae karibu, ufunge kinywa, uangalie.