Mgongo wa Cheche

Kijiwe cha Pancha kilikuwa na sheria moja, na haikuandikwa popote kwa sababu waliokaa pale hawakuwa watu wa kuandika: anayeondoka ndiye anayejadiliwa. Kwa hiyo watu hawakuondoka. Wanaume wazima wenye familia walibana mkojo tangu adhuhuri, simu za wake zao zikaita mpaka zikachoka, na ule ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya banda la kuziba matairi, ukazidi kupinda katikati. Ncha moja tu ya ubao ilifika ukutani, mahali pa kuegemea, na hapo alikaa Cheche, mchomelea mageti, kwa heshima ya mgongo wake mbovu. Mwaka wa pili huu, kila Jumanne na Alhamisi, Cheche aliondoka kwenda kukandwa mgongo, na kijiwe kilikuwa kimeujadili mgongo huo mpaka ukaisha utamu.

Mgongo wenyewe ulikuwa mzima kama reli.

Cheche alikuwa akienda chuoni. Chuo cha jamii, jengo la ghorofa mbili nyuma ya posta, stashahada ya tiba ya viungo, na yeye miaka arobaini na tisa, akibanana meza moja na watoto waliozaliwa yeye akiwa ameshaungua vidole vyote. Mkewe alipopooza upande mmoja, alikuja mwanamke mmoja mnene kutoka hospitali akawa anamsimamisha. Kiti mpaka mlango. Mlango mpaka uani. Mpaka siku mama watoto alipoinuka mwenyewe akaenda kuzima jiko. Siku ile Cheche alilia waziwazi, nyundo mkononi. Alikuwa amesimamisha mageti maisha yake yote, na hakuna hata moja lililowahi kumtazama usoni. Akaitaka kazi ile ya kusimamisha watu, akaitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho, ule wa vitendo. Saa kumi kamili mlango unafungwa, na anayekuta umefungwa anarudi mwakani. Koti jeupe lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, kati ya miguu yake. Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: leo Jumatano, na mgongo wa Cheche haukuwa na desturi ya kuuma Jumatano.

Angeweza kusema ukweli, lakini muda mfupi uliopita mlinzi wa ghala la saruji alikuwa ameinuka, akakung'uta suruali, akasema kwa unyoofu wa mtu asiyejua alikokaa: "Jamani, naenda darasani. Nimejiunga na chuo." Hakuwa hata amevuka barabara.

– Chuo! alisema Pancha, mwenye banda, huku akipiga tairi kwa nyundo kama analiuliza maoni. Miaka hamsini na moja! Huyo anatafuta mke mdogo, hakuna kingine.

– Mke mdogo anamtaka mtu mwenye gari, siyo mwenye daftari, alisema Bi Birika, aliyewauzia kahawa. Ongeza nyingine?

– Tia. Basi anamkimbia mke mkubwa.

Profesa akakohoa, ishara kwamba elimu inakaribia. Zamani alitengeneza redio, mpaka watu walipoacha kuzitengeneza. Jina lake alilipata kwa miwani, na kwa kalamu iliyokaa mfuko wa shati ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikiandika.

– Tatizo siyo mke, alisema. Tatizo ni nafasi. Kichwa cha mtu wa miaka hamsini ni kabati lililojaa. Ukiingiza kitu kipya, lazima kingine kidondoke. Anaingiza sayansi huku, huku inadondoka njia ya kwenda nyumbani kwake. Mtakuja kumwokota huyo, anazunguka ghala na cheti mkononi, anauliza yeye ni nani.

– Haba na haba hujaza kibaba, aliafiki Pancha.

– Hasa! Na kikishajaa, kinamwagika.

Cheche alicheka, kwa kuwa asiyecheka kijiweni huulizwa ana nini. Saa ilikuwa tisa na arobaini na tano. Kwa mguu wa mtu mzima, chuo kilikuwa dakika kumi. Kwa mguu wa mtu aliyesagika pingili mbili, kama alivyowaambia, dakika ishirini na mapumziko.

– Na chuo nacho kinamtakia nini? aliuliza Pancha. Mimi nawaambieni, wanataka mvi. Wakipiga picha ya kubandika getini, katikati ya vijana waonekane wazee wawili watatu, chuo kionekane kina busara. Mlinzi wa watu ni pambo pale, hajijui tu.

– Wewe unaona karibu, alisema Profesa kwa huruma. Fikiri mbali. Mtoa roho akija mtaani anakuja na orodha ya nani?

– Ya wazee.

– Mlinzi yumo?

– Hayumo tena! alisema Pancha, macho yakimtoka. Yumo kwenye orodha ya wanafunzi!

– Umeona? Na mwanafunzi hafi kabla ya matokeo, maana mitihani yake atafanya nani? Akimaliza hiki, anajiunga na kingine. Huyo mnamwona mjinga, kumbe atatuzika sote. Ndiyo maana wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame.

– Cha uvunguni na kifo vinahusiana nini, Profesa?

– Mtoa roho hatazami uvunguni.

Ubao ulitikisika kwa kicheko. Bi Birika pekee hakucheka. Alikuwa akimtazama Cheche, halafu ule mfuko, ambao ulikuwa umefunguka kidogo na kuonyesha ukosi mweupe. Akauinamia kama anaokota kikombe, akaufunga fundo, akasimama.

– Fundi, alisema, mbona leo mgongo wako hauna haraka?

– Leo Jumatano, Bi mkubwa.

– Maji ukiyavulia nguo, huyaogi? Au ulivua ili tukuone?

Cheche alihisi masikio yanawaka. Tisa na hamsini. Akajiambia mwakani si mbali. Papo hapo akamkumbuka mke wake asubuhi, amesimama mlangoni bila kushika popote, akimnyooshea koti alilolipiga pasi kwa mkono ule ule uliokuwa umekufa. Aibu ikamshika. Huyu mwanamke amejifunza kutembea upya mbele ya majirani, na yeye anashindwa kuondoka kwenye benchi.

Pembeni alisimama mgeni, dereva wa lori ambaye tairi lake ndilo lililokuwa likipigwa. Alikuwa amesikiliza yote, kikombe mkononi, kwa adabu ya mtu anayesubiri gari lake.

– Samahani wakubwa, alisema. Huyo mlinzi anasomea nini?

Pancha alimtazama Profesa. Profesa alitazama kahawa. Walikuwa wamemwoza mtu, wamempoteza njia ya kwao na kumficha asionwe na mtoa roho, na hakuna aliyekuwa amemuuliza anasomea nini.

– Maabara, alisema Cheche.

Wote wakageuka.

– Anasomea kazi za maabara. Mwaka wa kwanza. Darasa lao liko chumba cha pili kutoka chetu.

– Chenu? alisema Pancha taratibu. Chenu na nani?

Cheche alisimama. Alisimama vibaya, yaani vizuri, kwa mkupuo mmoja, bila kushika ukuta, bila ule mguno wa "yalaa" alioutunza kwa miaka miwili.

– Sina mgongo mimi, alisema. Ninao, lakini mzima. Nasomea kukanda migongo ya watu. Sasa hivi nina mtihani. Nijadilini.

Akachukua mfuko, akatembea hatua tatu za heshima, akatazama saa. Heshima haingemfikisha. Akakimbia.

– Pingili mbili zimesagika! alipiga kelele Pancha nyuma yake. Mtazameni! Miaka miwili tunampa ukuta, tunakaa tumekunjamana kama kamba, kumbe mwanariadha! Nafasi ya ukutani ni yangu kuanzia leo!

Cheche alikimbia na mfuko ukimpiga pajani. Alingoja sauti ya Profesa, kwa sababu ya Pancha ilikuwa ngozi tu, ya Profesa ndiyo ingefika mfupani. Ikaja, kali, imepanda, wala haikuwa na kicheko ndani yake.

– Cheche! Usipite ngazi za mbele! Pita za nyuma, kwenye mapipa! Yule mama wa ufunguo hana huruma, hata uwe umebakiza ngazi mbili anakufungia huku anakutazama!

Cheche akakata kushoto kuelekea ngazi za nyuma. Alikuwa ameshafika kona ndipo alipokumbuka kwamba habari za mama wa ufunguo hakuwahi kumsimulia mtu yeyote pale kijiweni.

Nyuma yake akamsikia yule dereva, kwa adabu ile ile, akiuliza:

– Samahani mzee, wewe umejuaje?

Alichosikia ni Bi Birika akigonga birika tupu kwa kijiko na kusema kahawa imekwisha, kila mtu aende kwao, na hakuna aliyeinuka.