Usukani wa Exaucée

Benchi letu la kahawa, mtaani Ruashi, liko kwenye kona ambapo ndege hupita chini zikienda kutua, na kwa kawaida hatuzitazami. Asubuhi hiyo kahawa ilipoa vikombeni. Ndege ndogo ilikuwa ikizunguka juu yetu mara ya nne, na rubani wake alikuwa Exaucée, binti wa Godefroid, mzee wa benchi letu tunayemwita Kasumbalesa kwa sababu aliendesha malori barabara ya kwenda mpaka huo miaka thelathini. Hénoc, mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege aliyekaa nasi, alikuwa amepigiwa simu na wenzake: usukani umekuwa mgumu, unavuta kushoto.

— Azimishe moteri, awashe tena, alisema Edouard, fundi wa redio. Redio yangu inaponaka vile.

— Iko mu hewa, Edouard, nilimwambia.

— Na mu hewa courant inakosekana? aliuliza, kana kwamba shida ni umeme.

Maître Aristote, mwalimu asiyekubali kushindwa, alitaka abiria wote wahamie kulia, kama watu walio juu ya lori la makaa litokalo Kasomeno likianza kuinama. Kisha, akidhani anafariji, akaongeza kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Nilitamani kummwagia kahawa.

Godefroid hakuondoa macho kwenye ndege.

— Mi nilimufundisha kuendesha camion kwa mulima, alisema. Nilimwambia: usukani ikikataa, vuta na nguvu yote. Usiiachilie hata kidogo.

Hénoc alimgeukia, akarudia aliyozoea kusikia kwa marubani.

— Papa, kwa ndege haiko vile. Ukivuta na nguvu, unaweza kuvunja kile kinabakia. Kama shida imeanza wakati uligusa kitu, unakirudisha vile kilikuwa. Kisha unajaribu polepole, kule juu, mbele ya kushuka. Njo maana anazunguka.

Niliogopa, sioni aibu kusema. Edouard alianza tena habari yake ya kuzima na kuwasha.

Ndipo Chanda, muuza mikate wetu, akafika na beseni la mikate kichwani, hajui lolote. Tulimweleza kwa kifupi. Akalitua beseni, akamtazama mzee.

— Papa Godefroid, Exaucée anakusikilizaka?

Sote tunamjua Exaucée, hajawahi kukataa neno la baba yake.

Ndege iliacha kuzunguka, ikaelekea uwanjani, chini zaidi, chini zaidi. Godefroid alijishika magoti.

— Mungu wangu, alisema, leo moya tu, asinisikilize.